Vioo Juu Hadi Kanisani

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kikao cha harusi kwa dada yangu Émérence, baada ya misa. Binti yake Syntiche anaolewa Jumamosi. Swali la kwanza: nani atamchukua bibi harusi kutoka nyumbani hadi kanisani? Swali gani hilo! Kwetu mjomba ndiye anayempeleka. Mjomba ni mimi, Basile. Mwingine hakuna, marehemu mama alizaa wawili tu. Nilikwisha kunyoosha koti ili nisimame nishukuru.

Jovial akawahi. Jovial ni baba mdogo wa Syntiche, mtu anayekohoa kabla ya kusema ili watu wageuke. Akakohoa. Akasema gauni la harusi lina matabaka saba. Akasema jua la Septemba tunalijua, na vumbi je? Basi bibi harusi apande gari yenye klima, ile mashine ya baridi, na katika ukoo wote gari ya namna hiyo ni moja, yake. Watu wakaitika. Kila siku wanamwona akipita na vioo juu. Hapa Kalemie, mwezi huu, anayepita na vioo chini ni mtu mwenye gari. Anayepita na vioo juu ni mheshimiwa.

Nikasimama. Nikasema hata yangu ina klima. Mke wangu Nadine akaanza kuchunguza kucha zake.

Na kweli ina klima! Kitufe kipo. Kina hata taa. Tangu niinunue haijatoa baridi ya kupoza hata chai, lakini hilo hakuna aliyeuliza.

Émérence akaamua: Ijumaa saa kumi ataingia gari zote mbili yeye mwenyewe, asikie kwa ngozi yake. Itakayompendeza ndiyo itakayombeba mtoto.

Jovial ampeleke Syntiche? Alipougua surua, mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi hospitali. Jovial alikuwa wapi? Labda akikohoa.

Jumatatu, 8 Septemba

Kwa Mama Léonie, karibu na bandari. Ndiye anayetengeneza friji za samaki na klima za magari ya mashirika. Mji mzima unamwogopa kwa sababu husema kweli kabla ya salamu. Akafungua kapo, akainama kwenye injini, akajaribu kuzungusha kitu kwa mkono, kikakataa. Akaniambia: "Papa Basile, hii haikulala. Hii njo imekufa."

Kompresa imekwama. Eti ndiyo moyo wa klima, ndiyo inayosukuma gesi. Imejila yenyewe kwa ndani na unga wa chuma umetapakaa kwenye mabomba. Kondensa, ile iliyo kama rejeta pale mbele, imezibwa na vumbi na manyoya ya kuku. Kuku gani, sijui. Akanihesabia kazi kwa vidole: kompresa nyingine, kuosha mabomba yote, chupa mpya ya kukaushia inayonyonya unyevu, mipira mipya kwenye maungio, kisha pampu ya kuvuta hewa yote nje, na ndipo gesi. Kwa utaratibu huo huo.

Nikauliza kwa adabu ni kipi kati ya hivyo kinaweza kurukwa. Akajibu: harusi.

Vipuri vitatoka Kigoma kwa boti, siku kumi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikamwambia nitafikiri. Akasema hapo ndipo anapoogopa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefikiri. Mama Léonie ni fundi mzuri, ila hana imani.

Kompresa nimeipata kwa Chadrack, muuza vipuri vya zamani kando ya gare ya treni. Akaapa imetoka kwenye gari ya mkubwa mmoja aliyekuwa akilalamika baridi imezidi. Inang'aa kama sufuria mpya. Vidole vyangu navyo vinang'aa, rangi haijakauka vizuri. Gari yangu inataka bolti nne, kompresa ina matundu matatu. Tatu zinatosha. Mahali pa ya nne nimekaza waya.

Mabomba nimeyapuliza kwa mdomo mpaka nikaona nyota. Kondensa nimeisugua kwa brashi ya viatu. Mipira ya zamani nimeipaka mawese, ikalainika vizuri. Lakini iliyonifurahisha ni chupa ya kukaushia. Mama Léonie anataka mpya, eti hii ya zamani imeshiba unyevu. Aka! Kitu chenye unyevu si huanikwa? Nimeianika juu ya bati kando ya mihogo ya Nadine, tangu asubuhi hadi saa tisa. Imekauka kabisa! Watu wanasoma miaka mingapi shuleni na hawaoni jambo dogo kama hili?

Nadine akauliza kama mihogo nayo nitaifunga kwenye gari. Wivu.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nilimwita mchora vibao, akaandika kwenye kioo cha nyuma: HUMU NI BARIDI. Herufi za buluu zenye theluji juu. Kazi safi.

Kisha gesi. Mama Léonie alikataa kuitia kabla ya kuvuta hewa, na alikataa kuvuta hewa kabla ya kuosha mabomba. Mwanamke mgumu. Nikaenda kwa Abdoul, anayejaza friji za wauza maji sokoni. Akauliza gari inatumia gesi ya aina gani. Nikasema ile ya baridi. Akajaza hiyo hiyo.

BARIDI! Baridi ya kweli, usoni, kwenye vidole! Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikavaa koti. Nikapita mbele ya kwa Jovial mara tatu, vioo juu, kola juu. Mara ya tatu akatoka mlangoni. Nikajifanya natetemeka.

Dakika kumi na moja. Halafu nikasikia kitu kama maharage yanachemka. Halafu mlio wa mbuzi. Halafu pu! Bomba likachomoka, moshi ukajaa, mkanda ukakatika, injini ikazima, palepale mbele ya kwa Jovial. Waya wangu haukukatika. Naomba hilo likumbukwe.

Jovial akaja kusukuma. Alisukuma kidogo na kupiga kelele sana, hadi majirani wote wakajua anasaidia.

Mama Léonie akafunga mkanda mfupi unaoiacha kompresa kando, ili gari itembee angalau. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akauliza tu ni nani aliyepaka mawese kwenye mipira. Nikasema hata mimi nashangaa.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikupata usingizi. Namwona Syntiche akishuka mlangoni pa kanisa kutoka gari ya Jovial, na mimi niko mwisho wa msafara, nimepakia masufuria. Niliumia, nasema kweli. Niliumia kama mtoto.

Asubuhi nikapita ufukoni. Akina mama wanapanga mikebuka kwenye makasha: safu ya samaki, safu ya barafu. Nikasimama. Nani amesema baridi lazima itoke kwenye kompresa?

Mapande mawili ya barafu. Karai mbili chini ya viti vya mbele. Feni mbili ndogo zinazokula umeme wa gari. Kitenge juu, kuficha. Nimejaribu: baridi ipo, tena ya kimya, haina mlio wa mbuzi. Inanuka mikebuka kidogo. Kidogo tu.

Nadine akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamuuliza manukato yake yako wapi. Akakataa kusema. Nimeyapata chini ya godoro.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa kumi kamili. Jovial wa kwanza, vioo juu. Émérence akamwomba awashe klima. Akakohoa, akasema klima nzuri haichoshwi siku moja kabla ya kazi, gesi yake anaitunza kwa ajili ya kesho. Dada yangu akakaa humo kidogo, akatoka anajipangusa shingo.

Kisha yangu. Injini, feni, sala. Émérence akakaa. Akakaa tena. Akauliza mbona miguu iko Ulaya na kichwa kiko Kalemie. Nikamweleza kwamba mtambo wa kisasa huanzia chini. Akauliza ni nani amebeba samaki humu. Nikasema ni harufu ya gari ya Jovial, imemfuata kwenye nguo.

Hukumu: mjomba atampeleka bibi harusi! Jovial atafuata na mashangazi. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kidogo. Niliporudi nikasema ni vumbi.

Kwenye kona ya kurudi nyumbani karai moja ilipinduka. Zulia la gari limelowa. Litakauka.

Jumamosi, 13 Septemba

Umeme ulikatika tangu jana jioni. Ufuko mzima hakuna barafu hata ya kuwekea jino. Nilizunguka tangu saa kumi na moja alfajiri nimevaa suti, na karai mkononi. Hakuna!

Basi nikaamua. Vioo juu. Watu wakiona vioo juu, baridi imo. Yanayobaki ni uvumilivu wa abiria.

Nyuma: Syntiche katikati na matabaka yake saba, Émérence kulia, msimamizi wa bibi harusi, Sifa, kushoto. Nikawaambia klima inachukua muda kuamka. Msafara mwendo wa pole, honi, mpiga video mbele juu ya pikipiki. Zulia lililolowa jana likaanza kupata joto. Mikebuka ikafufuka. Syntiche akaomba kioo kishuke kidogo. Nikasema vumbi, mwanangu, fikiria gauni. Poda ikaanza kumshuka shingoni. Sifa akaanza rozari, tena si moyoni.

Karibu na soko lori la matofali lilikuwa limepasuka tairi. Msafara ukasimama. Jovial akajipenyeza hadi ubavuni mwangu. Vioo juu. Nikageuka.

Shati lake lilikuwa limeganda kifuani. Nyuma yake mashangazi wawili wanajipepea kwa karatasi za nyimbo, wa tatu kabandika shavu kwenye kioo, mdomo wazi. Jovial akanitazama. Nikamtazama. Tukaelewana. Hakuna aliyeshusha kioo. Tangu nimfahamu sijawahi kumheshimu mtu yule namna ile.

Ndipo Syntiche akasema: "Mjomba, minakupenda, lakini humu nitakufa." Akampita mama yake, akafungua mlango. Viatu mkononi, gauni magotini. Akamshusha mpiga video, akapanda upande upande nyuma ya mwenye pikipiki, wakapenya kati ya lori na meza za nyanya, shela inapepea. Soko zima vigelegele! Émérence akaniambia maneno ambayo sitayaandika, wajukuu wanaweza kusoma.

Lori liliondoka baada ya dakika ishirini. Nikaendesha. Nilitaka kitu kimoja tu, kumfikisha mtoto yule, na pikipiki ya kukodi imenipokonya.

Tulipofika alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa. Upepo wa ziwa ulikuwa umemkausha. Mzuri, jamani! Padri anatazama saa. Bwana harusi amesimama altareni, hajui kama ameachwa. Syntiche alikuwa amewaambia wote kwamba haingii bila mjomba wake. Akaninyooshea mkono. Mkono wa koti langu ungeweza kukamuliwa, lakini aliushika hivyo hivyo, akaukaza. Tukaingia. Nililia njia yote hadi altareni, na kwa jasho lile hakuna aliyejua.

Jumapili, 14 Septemba

Nimefanya uchunguzi wa kina kuhusu aibu ya jana. Nadine anasema hakuna cha kuchunguza: mtoto alitaka mkono wangu, baridi hakuiomba, na angekuja nami hata kwa miguu. Wanawake wanapenda sana vitu vidogo.

Chanzo nimekipata. Ni vioo. Vioo vyetu ni vyeupe! Kila aliyekuwa sokoni alituona tunavyoiva. Tungekuwa na karatasi nyeusi kwenye vioo, nani angejua?

Saa sita akaja Jovial. Akashuka, akapangusa uso, akakohoa, akakiri. Klima yake ilikufa miaka minne iliyopita. Miaka minne anatembea na vioo juu, Septemba nne! Tukacheka hadi tukashikana. Nimemkosea sana ndugu yangu huyu. Vichwa viwili vya namna hii vilikuwa vinapigana bure.

Tumeanzisha kampuni. Magari ya harusi yenye klima. Yeye anatafuta karatasi nyeusi, mimi natafuta wateja. Jioni hii nimempata wa kwanza, Élisée wa kwaya, anaolewa tarehe 4 Oktoba. Aliuliza jambo moja tu, kama baridi yetu ni ya kweli.

Nimemwambia aje na sweta.