Ombi la Kulindiwa Mwanangu Dhidi ya Viatu vya Nje

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara, na kwa karani atakayeifungua barua hii kabla yake,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea marahaba yangu mapema. Mimi ni mama wa watoto watatu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo ukikuta herufi imeruka mstari usidhani ni dharau.

Nilikusikia redioni nikichambua mchele. Ulisema viwanda vichanga vya nchi hii vinahitaji kulindwa kwa ushuru mpaka viweze kusimama vyenyewe, la sivyo vile vikubwa vya nje vitavikanyaga. Niliacha mchele. Nikamwambia jirani, huyu waziri ni mzazi.

Kiwanda kichanga ninacho hapa nyumbani. Ni kitindamimba wangu, ana miaka thelathini na minne, anashona viatu kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wetu. Kaka zake wawili walivuka mpaka kutafuta kazi, nazisikia sauti zao kwenye simu tu. Huyu ndiye aliyebaki. Nikimsikia anakohoa chumba cha pili ndipo napata usingizi. Alifuga kuku, wakafa. Akatengeneza simu, nazo zikafa. Kwenye viatu ndiko alikotulia, na kibanda hicho kikifungwa najua naye atabeba begi. Kwa hiyo ulipopandisha ushuru wa viatu vya nje nilikuombea dua, wewe na mkeo. Lakini kazi hujaimaliza, mheshimiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viatu vya nje bado vinaonekana. Ni kweli vimepanda bei. Mwanangu naye akapandisha vyake, akavisogeza karibu kabisa na vile, maana alisema haifai kiatu chake kikae chini kama yatima. Sasa watu wanatazama bei mbili zinazokaribiana, halafu wananunua kile kisichochoma vidole. Mtaani wameshampa jina, Fundi Msumari. Mama mmoja mwenye watoto wanne alinisimamisha bombani akaniambia, mama, zamani nilinunua jozi nne, sasa nimenunua mbili na wanapokezana kwenda shule. Nilimpa pole, nikamweleza kwamba analijenga taifa. Alichonijibu siwezi kukiandikia serikali. Naomba ushuru upande mpaka viatu hivyo visionekane kabisa, ili mtu asiwe na cha kulinganishia.

2. Yupo fundi wa viraka pale kona. Kiatu kilichokwisha kata roho anakifufua mara tano, na kila kiraka chake ni jozi moja aliyonyimwa mwanangu. Naomba viraka navyo vilipiwe ushuru. Fundi huyo ni kaka yangu, tumenyonya titi moja, na ndiye aliyemfundisha mwanangu kushika sindano, lakini nchi kwanza. Tangu nimweleze hivyo akiniona anavuka barabara.

3. Miguu mitupu. Mheshimiwa, hakuna ushindani usio wa haki kama huu. Mguu hauna gharama ya kushonwa, hauna soli, hauna kodi ya kibanda, na unaingia sokoni bila kupita forodhani. Naomba anayetembea peku barabarani alipishwe, isipokuwa anayeoga na anayesali. Sitafuti dhambi.

4. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Gundi, soli na uzi wa mwanangu vinatoka nje vilevile, na vijana wako wa mpakani wamevitoza ushuru mkubwa kuliko wa viatu. Nilipanda gari mpaka forodhani kuuliza. Afisa aliniambia kwa adabu, mama, gundi nayo ina kiwanda chake kichanga hapa nchini, tunakilinda. Nikaenda kukiona. Ni cha mtoto wa mama mwenzangu, kijana mpole, anakoroga kwenye pipa. Gundi yake inanukia vizuri lakini haishiki. Mwanangu aliitumia kwenye viatu vya bwana harusi, na bwana harusi aliingia ukumbini na soli mbili akatoka na moja. Yule mama alinishika mkono akaniambia, mvumilieni, bado anajifunza. Mheshimiwa, mtoto mwenyewe ana ndevu. Mtu mzima anabebwa mgongoni na taifa zima kwa sababu mama yake anamwonea huruma, na wanaoumia ni wenzake wanaofanya kazi. Mambo haya yanaharibu watoto. Naomba ulinzi wa gundi uondolewe mara moja, wa viatu ubaki.

5. Hao wa ng'ambo ya mpaka wamekasirika kwa ajili ya viatu vyao, nao wamekataa vitunguu vyetu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiko alikokuwa akiviuza. Sasa magunia yamejaa sebuleni kwangu, tumeketi juu yake kama makochi, na kila mgeni akiingia anatokwa machozi, wengine wakidhani tumefiwa tena. Shemeji ananiambia, shemeji, kila kiatu kimoja cha mwanao kimeniozeshea gunia. Naomba uwaandikie jirani zetu kwa upole uwaeleze kwamba sisi kutonunua kwao ni malezi, ila wao kutonunua kwetu ni roho mbaya.

6. Karani wako wa wilayani aliniuliza kiwanda hiki kitakua lini. Nilimuuliza kama ana watoto. Akasema hana. Basi naomba maswali ya namna hiyo yawe yanaulizwa na wazazi tu. Mimi nimependekeza kilindwe mpaka nitakapofariki, halafu dada yangu atapokea.

Hayo si mengi. Ukiyatimiza, kila mtu nchini atavaa viatu vya mwanangu, apende asipende, na mwanangu hatakuwa na sababu ya kwenda popote.

Nisalimie mkeo na watoto, na mama yako zaidi, yeye atanielewa. Wasalimie pia maafisa wa forodha, na yule mbwa wao anayenusa mizigo, alinipokea vizuri kuliko watu.

Ni mimi, raia wako mtiifu na mwenye wasiwasi,

Mama Fundi

Nyongeza:

Mheshimiwa, barua hii ilikaa kabatini ikisubiri stempu, na mambo yamegeuka. Sitaiandika upya kwa sababu karatasi ni nzuri na mkono unaniuma. Wewe isome kuanzia chini kwenda juu.

Mwanangu alivuka mpaka kwenda kutafuta gundi, maana ya huku ilimshinda na ya nje hakuweza bei yake hapa. Akafika kwenye geti la kile kiwanda chao kinachotuletea viatu. Wakamuuliza unajua kushona, wakampa ngozi, wakampa gundi inayoshika. Wamemwajiri, mheshimiwa. Wamesema mkono wake ni mzuri, alikuwa ananyimwa vifaa tu. Nililia, na safari hii haikuwa vitunguu. Chumba cha pili sasa hakuna anayekohoa.

Kwa hiyo viatu vya nje sasa ni vya mwanangu. Naomba ushuru wote uondolewe leo, kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu mnamwonea mtoto wa watu. Uchumi hauwezi kukua kwa kufungiana milango. Vitunguu waviruhusu pia, anavipenda. Yule wa gundi mwachie mama yake, ila mkipata nafasi mnunulieni pipa jipya. Na kaka yangu mtamsamehe, jana nimempelekea chai pale kona, akainywa yote akanirudishia kikombe.

Jozi ya kwanza aliyoshona amenitumia kwa dereva wa lori. Mmeishika hapo forodhani, na ushuru mnaoutaka umezidi bei ya kiatu. Ni vya kahawia, namba thelathini na tisa. Mwambie afisa aingize mkono ndani apapase mpaka kwenye vidole. Havina msumari.