Inchi Tatu za Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Watu wa kliniki wamekuja kujiandaa kuupima mtaa wetu keshokutwa: uzito, kiuno, presha, sukari. Wanauliza pia nani anavuta sigara na nani anamwaga chumvi kabla ya kuonja. Udaku wa kitaalamu! Nimewapa kibaraza cha duka langu la ushonaji. Kila atakayesubiri zamu atatazama vitambaa vyangu. Fundi Miwani, mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, amenuna. Hiyo peke yake ni dawa.

Jumanne, 4 Machi
Siri, na ibaki humu. Tepu yangu ina kipande cha inchi tatu nilichokishonea kabla ya namba moja. Kiuno cha arubaini na tatu kinasoma arubaini. Nikikata kitambaa nazirudisha zile tatu kimoyomoyo. Nguo inakaa, mteja anatoka akipiga mluzi. Miwani huwaambia watu ukweli, ndiyo maana anashona mapazia. Watu hawatafuti suruali, wanatafuta habari njema. Wanasiasa walilijua hilo zamani. Mimi angalau natoa na suruali.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Katika kukata kitambaa nimekata na tepu ya muuguzi, ambayo yeye huisoma kwa sentimita, lugha wasiyoijua wateja wangu. Vipande viwili! Miwani akasema kutoka ng'ambo kwamba yake ipo. Wateja wangu wapimwe kwa tepu ya Miwani, tena kibarazani kwangu, wajue nimewadanganya miaka sita? Haraka nikampa muuguzi yangu.
Utaratibu wao ni huu: kiuno kikizidi kiwango, unapelekwa meza ya pili kupimwa presha na sukari. Hakuna aliyezidi. Bwana wa meza ya pili alisinzia. Hata shemeji, kaka wa mke wangu, mwoka mikate ambaye tumbo lake hufika mlangoni kabla yake, kapewa karatasi ya kufaulu.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kashikwa na kizunguzungu mbele ya tanuri, akaketi juu ya magunia ya unga. Mke wangu kamsihi aende kliniki. Kakataa, kaonyesha karatasi: jana tu amepimwa, yu mzima. Nikaamua kumwambia ukweli, ila kwa busara. Nikamwambia huenda amenenepa tangu jana. Akacheka, akanipa mkate wa moto. Nikaula wote.

Ijumaa, 7 Machi
Muuguzi karudi na daftari lake. Akaniambia kwa upole, "Fundi, mtaa mzima una viuno vya bibi harusi na uzito wa magunia ya saruji."
Nikamweleza kwamba tepu hutanuka kwa uzee. Akajibu kwamba hutanuka, lakini haioti kiraka. Nikakiri. Nilimtaja shemeji wa kwanza, hilo liandikwe kwa faida yangu. Kaitwa, kapimwa: presha iko juu sana, wamemwanzishia dawa leo leo. Alipita dukani akitokea huko. Hakufoka.
"Shemeji," alisema, "uzi huohuo ulionipunguzia tumbo ungenishonea sanda."
Nikainamia cherehani. Kisha muuguzi akanipima na mimi. Inchi arubaini na nne! Kwa miaka yote nimejiandikia arubaini na moja, na nikaamini. Presha yangu nayo imepanda. Kufikia jioni wateja wote walikuwa wamevuka barabara kwa Miwani.

Jumatatu, 10 Machi
Duka tupu, kichwa kimejaa. Jibu nimelipata: suruali za mpira kiunoni! Hazitaki kipimo, mteja ananenepa nazo kwa amani. Miwani atatafuna mapazia yake.
Kliniki nao wana masharti: vidonge asubuhi, chumvi kidogo, na kila siku nusu saa ya mwendo, halafu nitie alama kwenye kadi. Leo nimekwenda kununua mpira. Kwenda na kurudi, nusu saa kamili, juu ya pikipiki. Mwendo ni mwendo. Nimetia alama. Mbili, maana njia ilikuwa na matuta.