Ubavu Wangu na Taa ya Kutus

Jumatatu, 4 Agosti
Malengelenge ya mkanda wa jeshi yalikauka Aprili. Maumivu yakabaki. Ubavu wa kushoto hautaki kuguswa hata na fulana. Baridi yote hii ya Ruring'u, na mimi nusu uchi kama kuku anayenyonyolewa! Jumamosi ni ruracio, wakwe wanaleta mahari ya binti yangu Wachuka. Baba lazima avae koti apokee wageni. Mdogo wangu Theuri amekuja kunijulia hali. Akauliza kama koti litanikubali. Ati yuko tayari kukaa mahali pangu. Fisi!

Jumanne, 5 Agosti
Kwa Lynn, daktari wa viungo. Wachuka ndiye aliyenipeleka kwake. Hunimulika ubavu kwa leza. Sikusikia joto, sikusikia chochote. Nikauliza kama imewashwa. Akasema haipaswi kuchoma, inatuliza neva polepole, nisikatize. Kweli, siku hizi nalala kidogo. Lakini polepole! Jumamosi haiji polepole. Na hicho si ni kijitaa chekundu tu? Vinauzwa Kutus sokoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Taa ninayo! Kwa Lynn sikwenda. Wachuka nimemwambia nimepona. Lynn hunimulika dakika chache. Mimi si mchoyo, nimejimulika asubuhi nzima. Paka akaona kile kidoa chekundu, akakirukia. Kucha zote ubavuni! Jirani yangu Magdaline alikuja mbio kuuliza nani amefariki.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu. Koti nililivaa, nikauma meno, nikasalimia wageni wote. Nikamtazama Theuri: umeshindwa! Kumbe nilisahau blanketi. Wakwe humfunika baba blanketi zito mbele ya watu. Akina mama wakanifunika wakiimba, mmoja akanipapasa ubavu kwa upendo. Nikapiga mayowe, nikalitupa chini. Wakadhani nimewakataa. Mzee wao akaanza kutafuta kofia yake. Theuri akasimama, akawatuliza kwa maneno matamu, akafunikwa yeye. Alikaa nalo hadi jioni, jasho likimtoka, asilivue. Wachuka hakunitazama.

Jumapili, 10 Agosti
Wachuka amekuja, macho mekundu. Lynn amemwambia nilikuwa nimeanza kupata nafuu, nikaikatiza mwenyewe. Harusi ni Desemba. Nisipoweza kuvaa suti, Theuri ndiye atakayemsindikiza kanisani. Akasema hamtaki Theuri, ananitaka mimi, babake. Nililia, sifichi. Nikamwapia kwa Mungu kwamba kesho asubuhi niko kwa Lynn.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la rangi. Yule muuzaji wa Kutus ana taa ya kijani, na anasema hiyo ndiyo yenye nguvu. Theuri ataniona na suti! Niko stendi, gari linakaribia kujaa. Wachuka amepiga simu kuuliza kama nimefika kwa Lynn. Nimemwambia nimefika, tena nasikia nafuu tayari.