Gunia la Wiki Sita

Jumatatu, 4 Agosti
Binti yangu, mwanachuo wa mifugo, wa kwanza ukoo mzima, leo kavuna matete ya ng'ombe aliyoyapanda nyuma ya zizi. Vipande vitatu vya shamba, sawasawa: cha matete ya wiki sita, cha wiki tisa, cha wiki kumi na mbili. Kila kimoja na gunia lake. Kesho anapima, Ijumaa mwalimu anakuja kumpa alama. Bila alama hizo, chuo hamalizi.

Jirani yangu, niliyembatiza Shingo, kachungulia juu ya ua. Kauliza eti lile gunia la wiki sita ni la ng'ombe au la sungura. Sungura! Mwanangu mimi! Nimekula kwa hasira, sahani mbili.

Jumanne, 5 Agosti
Binti akiwa anaoga, nimechomoa mashina kwenye gunia la wiki kumi na mbili, manene kama mpini wa jembe. Nimeyakatakata, nikayazika katikati ya lile la wiki sita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Likapimwa. Limeyashinda yote! Nikapiga kigelegele Shingo asikie.

Binti hakucheka. Kapima tena. Kalaumu mizani. Kaazima ya muuza nyama. Vilevile. Kaketi chini, mikono kichwani. Kasema, mama, machanga hayatakiwi kuwa mazito! Machanga ni machache ila yana lishe. Yakikomaa yanakuwa mengi, lakini mashina matupu.

Mtihani gani huo anafaulu mwepesi?

Jumatano, 6 Agosti
Msaliti ni ng'ombe. Kapewa fungu la gunia la wiki sita. Kala majani, mashina kayasukuma kwa pua, moja moja, kama shahidi mbele ya hakimu. Binti kaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu. Kaniita kwa jina langu kamili. Mimi niliyemzaa!

Halafu akalia. Hapo nikaishiwa ujanja. Tumechambua kutwa nzima, shina kwa shina, tukiyarudisha kwao, kisha kapima upya. Mgongo sina.

Ijumaa, 8 Agosti
Mwalimu kaja. Binti kaeleza yote: wiki sita lishe, wiki kumi na mbili uzito, wiki tisa katikati. Kisha kaeleza mashina. Kisha kaeleza na nilivyofanya mimi! Shingo kajaa uani, masikio kama ungo.

Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani. Kampa alama za juu kwa ukweli wake. Akili hiyo kairithi wapi kama si kwangu? Mwalimu kaniomba kwa heshima, mama, vipimo vya mtoto usiviguse. Nimeitikia kwa adabu zote.

Jumamosi, 9 Agosti
Binti kasema muhula ujao watapima maziwa, asubuhi na jioni. Shingo kasikia. Kauliza juu ya ua kama ng'ombe wetu anatoa maziwa au jasho.

Jasho!

Nimeitazama ndoo. Nimelitazama bomba.

Maji hayana mashina.