Chupa ya Jemu na Mifuko Arobaini na Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeapa. Safari hii nitakuwa katibu wa Klabu ya Mazingira, la sivyo naacha shule. (Shule siachi. Ila nimeapa.)

Mlezi wetu, mwalimu wa sayansi, ambaye pia ni mteja wa Mama wa kushonewa magauni, katangaza shindano. Kila mtu na chupa moja ya jemu. Unaweka humo plastiki zote zinazotupwa nyumbani kwenu wiki hii. Jumamosi atapita kukagua. Mwenye kidogo kuliko wote ndiye katibu: anakaa nyuma, anaandika, hasemi neno. Wengine wote, jukwaani Ijumaa ya wiki ijayo, kwa lugha zote mbili, shule nzima ikitazama!

Mimi nikiitwa tu jina darasani masikio yanawaka moto. Lugha mbili nimefundishwa, na zote mbili hunikimbia kwa pamoja.

Mpinzani: Kamusi, binti wa mfamasia. Hajawahi kukosa neno, ndiyo maana tunamwita hivyo. Jukwaa analipenda kufa. Ukatibu anautaka ili mimi nisiupate tu. Kaniuliza mbele za watu kama takataka zetu nitazileta kwa chupa au kwa toroli. Jibu zuri sana nililipata nikiwa nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanzia bafuni. Chupa ya shampuu ya dada nimeificha, nikaweka kipande cha sabuni ya kufulia. Dada kanikimbiza na taulo. Eti nywele zimekuwa kama brashi ya kusugulia sufuria.

Baba nimempa kikapu aende nacho dukani badala ya mfuko. Kasema hatembei na kikapu chenye maua, ana heshima zake. Mayai sita akayatia kwenye mifuko ya koti. Kufika nyumbani, akakaa.

Lawama zote kwangu. Kwani nilimwambia akae?

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefungua kabati la jikoni. Masalale! Plastiki tupu! Makopo ya aiskrimu kumi na moja, na tangu nizaliwe sijakuta aiskrimu hata kijiko. Ukifungua hili, vifungo vya Mama. Lile, maharage ya juzi. Na nyuma ya mlango, mifuko ya Bibi. Bibi hatupi mfuko. Anauosha, anauanika kwenye kamba pamoja na soksi, anaukunja pembetatu. Nimehesabu arobaini na mitatu.

Nyumba ya katibu mtarajiwa! Nimesubiri Bibi asinzie mchana, nikabeba vyote hadi pipa la nyuma. Lori la taka linapita Ijumaa asubuhi. Kabati linang'aa. Mimi ni hodari, basi tu sijui kujieleza.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna pa kuweka kitu. Maharage yamo kwenye birika. Bibi anauliza mifuko yake iko wapi, nikamwambia ipo mahali salama.

Nusu kitunguu kilikuwa kinakauka kwenye friji. Nimesoma kwamba kitambaa kilichochovywa kwenye nta kinafaa kufunikia vyakula, hakuna haja ya nailoni. Kwenye kikapu kilicho chini ya cherehani ya Mama nimepata kipande cha maua ya njano, kimeshonwa mfano wa faneli. Utadhani kilikatwa kwa ajili ya kitunguu! Nimeyeyusha mshumaa, nimekichovya. Kimekaa sawasawa.

Ijumaa, 7 Machi

Lori halikuja. Dereva anaumwa. Haidhuru. Chupa yangu ina kifuniko kimoja cha kalamu, basi.

Mama anatafuta kitu tangu asubuhi. Amepindua hadi magodoro. Nimeona nisimsumbue kwa maswali.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwalimu kaja, na Kamusi nyuma yake kabeba daftari. Kaitazama chupa yangu, kanisifu. Moyo ulicheza ngoma. Kisha kauliza pipa liko wapi.

Mifuko arobaini na mitatu, pembetatu kwa pembetatu, ikamtazama. Bibi naye katoka kuona kuna nini. Kelele zake! "Mifuko yangu! Huu wa bluu ni mkubwa wako kwa umri, we mtoto!" Mwalimu kacheka hadi kashika ukuta. Kasema nyumba hii haikutupa mfuko miaka yote, mpaka nilipoanza kuokoa mazingira.

Kamusi kaomba maji, tena kwa adabu ya kuudhi. Nikafungua friji. Mwalimu alikuwa anamuuliza Mama kuhusu gauni lake la maua ya njano, Mama anajibu kwa sauti ndogo kwamba limebaki mkono mmoja tu.

Sote watano tukautazama mkono wa pili, umevaa kitunguu. Mwalimu kaunusa.

Katibu ni Kamusi. Ijumaa Bibi atapanda jukwaani kuonyesha anavyoosha mifuko. Na kwa kuwa Bibi anajua lugha moja, mimi nitasimama pembeni yake nikimtafsiria neno kwa neno. Bibi kakubali kabla hajamaliza kuulizwa. Tayari anachagua viatu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba Mama radhi. Nimeosha mifuko yote, Bibi akisimamia kama askari. Nimeelewa sasa: usitoe kitu mahali pake bila kuuliza. Nimeandika kwa wino mwekundu.

Jumatatu, 10 Machi

Mazoezi ukumbini. Bibi kavaa viatu vya harusi ya Baba. Alipoambiwa azungumze, alizungumza nusu saa bila maji. Mimi nilitafsiri neno moja: "mfuko".

Lakini nimegundua jambo. Kile kipaza sauti cha shule ni plastiki kuanzia kichwani hadi mkiani! Klabu ya Mazingira nzima isimame mbele ya kitu kama kile? Aibu gani hii? Na bila kipaza sauti, sauti yangu haifiki hata kwa Bibi.

Kwenye chupa ya jemu kinaingia, ukikisimamisha. Nimeshapima.