Chembe Zenu Zitoke Kichwani Mwangu

Kakuma,
Ijumaa, 14 Februari 2025.

Kwa Daktari Nyakio,
Mradi wa Kufikisha Dawa za Miti Ubongoni,
Lodwar.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: KUONDOLEWA KWA CHEMBE ZENU KICHWANI MWANGU

Leo ni miaka mitatu, miezi minne na siku tisa tangu nitoke nyumbani kwangu Funyula. Tafadhali soma hesabu hiyo mara ya pili kabla ya kuendelea, kwa sababu ndiyo malalamiko yenyewe. Mpaka Desemba, mtu akiniuliza nimekaa Turkana muda gani, nilikuwa nikijibu "kitambo kidogo", tunaendelea kuchanganya simiti. Sasa najua mpaka siku. Hali hii imeletwa na dawa yenu, na ninaandika kwa heshima kuomba itolewe.

Mimi ni Wandera, mshiriki wenu nambari 31, kibarua kwenye mjengo wa madarasa hapa Kakuma. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitakapokosea nirekebishwe. Nililetwa kwenu na nyapara wetu, Ochola, baada ya mimi kuchanganya mchanga na maji nikasahau simiti, na plasta ikateremka ukutani kama uji, wageni wakitazama. Ochola aliposikia kwamba Lodwar, upande wa Nawoitorong, kuna madaktari wanaotafuta watu wanaosahau, alinipandisha lori lililokuwa likienda kuchukua mizigo siku hiyo hiyo.

Sista Nabei wenu alinieleza vizuri. Alisema kuna mti ambao akina mama wa hapa huchemsha mizizi yake kwa ajili ya wazee waliopoteza majina ya wajukuu. Dawa yenyewe ni nzuri, ila ukiinywa inaishia tumboni, maana ubongo una mlango, mlango una mlinzi, na mlinzi huyo hataki wageni. Kwa hiyo ninyi mnakamua mti, mnaukatakata kwa teknolojia ya nano mpaka chembe elfu nyingi zinaenea kwenye ncha ya unywele mmoja, mnazifunga kwa mafuta kama sambusa, kisha zinapitia puani hadi ndani bila mlinzi kushtuka. Mimi nimechunga mchanga miaka mitatu na sijawahi kuona chembe ya namna hiyo, lakini sikubisha.

Nilipewa kikopo cha unga cha wiki sita, kikiwa kimefungwa, nikaambiwa nianze kesho yake: kunusa asubuhi na jioni, na kutia alama kwenye karatasi. Nimefanya hivyo tangu tarehe 4 Januari bila kukosa. Yaliyonipata ni haya:

1. Dawa inawasha. Sista alisema haina harufu na sitahisi kitu. Mimi napiga chafya saba kila asubuhi, na machozi yananitoka mpaka mafundi wananipa pole ya msiba. Hili ni dogo, nimelitaja tu ili lisipotee.

2. Nimekumbuka sababu zote nilizowahi kumpa mke wangu, Nekesa, kwenye simu kueleza kwa nini siwezi kurudi, na nimezikumbuka kwa mpangilio. Mara ya kwanza mto Tarach ulikuwa umefurika. Mara ya pili mto Tarach ulikuwa umefurika. Hiyo ya pili ilikuwa Septemba 2022, redio zote zikitangaza ukame, na Nekesa ana redio. Ochola ameugua mara nne na kufa mara moja. Mwezi uliofuata kifo chake nilimpa Ochola simu ili amsalimie mke wangu, wakaongea vizuri tu, na Nekesa hakuuliza lolote. Zamani mambo haya hayakunisumbua. Nilikuwa nasema, nasahau, siku inakwisha. Sasa nimeshika koleo na ninamsikia Ochola akimwambia Nekesa kwamba anaendelea vyema.

Tena nimekumbuka jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata Gervais, fundi Mkongo ninayemsaidia. Hakuna kilichonizuia kurudi. Nilisema miezi mitatu, ikapita minne nikaona haya kidogo, na haya ya mwezi wa nne ikaufanya wa tano kuwa mgumu zaidi, mpaka tukafika hapa.

3. Dawa inaharibu jamii. Mlinzi wa mjengo wetu ni Mzee Ekal. Niliposhuka kwenye lori siku ile aliona kikopo mfukoni, na hapa mtu mwenye kikopo cha kunusa ana tumbaku, na tumbaku si ya mtu mmoja. Ukiombwa hutoi sababu, unatoa kikopo. Nilimweleza kwamba ni dawa kutoka Lodwar. Akasema tumbaku yote ni dawa. Nikamwachia aonje na wazee wenzake, nikaenda kupakua simiti, na nilipomaliza alinirudishia kikopo kimejaa hadi mdomoni, pamoja na shukrani, kwa hiyo mimi sikupungukiwa. Lakini tazama walichopata kwa kuonja tu. Mzee Ekal kwa miaka mingi amekuwa akitusimulia, wakati wa chai, jinsi alivyowafukuza wavamizi peke yake huko Namoruputh na kurudisha ng'ombe wa ukoo mzima. Wiki hiyo aliikatiza hadithi katikati, akasema kwamba kwa kweli siku ile tumbo lilikuwa likimwendesha na alikuwa kichakani, na ng'ombe walirudishwa na kaka yake. Tangu hapo tunakunywa chai kimya. Nani atatulipa hadithi ile?

4. Viatu. Mwezi wa Desemba Nekesa aliniuliza kama anaweza kumpa mwalimu wa kwaya viatu vyangu vya kanisani. Nilimwambia ampe, nikaona mke wangu ana moyo mwema. Sasa nimekumbuka kwamba hajaniuliza ninarudi lini tangu siku hiyo. Nikakumbuka pia kaka yake aliyekwenda Mombasa: kwanza Nekesa alikuwa akimuuliza anarudi lini, halafu akaacha kumuuliza, halafu akagawa nguo zake, halafu hakumtaja tena, na yule kaka yu hai mpaka leo. Daktari, mimi nilikuwa nimelala vizuri katika jambo hili. Mmeniamsha viatu vikiwa vimeshatoka.

5. La mwisho ni baya zaidi. Nimekumbuka siku yenyewe ya kuondoka. Nekesa alinisindikiza hadi barabarani akiwa na kifuniko cha sufuria mkononi, kwa sababu ugali ulikuwa motoni na hakutaka kukawia. Aliniambia, "Wandera, usinifanye mjane wa mtu aliye hai." Nilicheka. Nilicheka, Daktari, kwa sauti, na mpanda boda akacheka pia. Nilimsimulia Gervais nikitarajia anionee huruma. Gervais alitoka kwao akikimbia, na wengi wa watu anaowakumbuka hawako tena. Alisema kwa upole kwamba mimi ni mtu wa kwanza kumsikia akilalamika kumkumbuka mke aliye hai, kisha akaniomba nimpe tofali.

Kwa sababu hizo naomba mtende mojawapo ya yafuatayo, mkianza na lililo jepesi.

Kwanza, mzitoe chembe kwa njia ile ile ya puani. Kwenye mjengo wetu, mtu akiingia bila kumwona mlinzi, hutafutwa na kutolewa hata kama ni fundi hodari. Sheria ya kichwa changu isiwe dhaifu kuliko ya mjengo.

Pili, ikiwa hazitoki, mtafute mti wa kusahau, muukatekate vivyo hivyo, na chembe zake zitumwe Funyula kwa Nekesa. Anapenda chai ya tangawizi. Atasahau mto, msiba wa Ochola, na kicheko.

Tatu, kama mti huo haupo, basi mnifunge mimi. Ikiwa mnaweza kupitisha mti mzima, mizizi na yote, kwenye tundu la pua bila mlinzi kujua, hamshindwi kumpaka kibarua mmoja mafuta na kumpitisha mlangoni kwa mkewe bila kuulizwa alikuwa wapi. Mimi si mnene.

Nasubiri jibu lenu kwa hamu. Msalimie Sista Nabei, na dereva wa lori, na washiriki wenzangu wote ambao sasa wanajua waliyofanya. Ejok kwenu nyote, kama wanavyosalimiana Waturkana.

Wenu aliye macho,
Wandera, mshiriki nambari 31.

Nyongeza, saa kumi jioni: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Sista Nabei alipofika kukusanya vikopo. Alifungua changu, akanusa, akapiga chafya. Amesema unga wenu ni mweupe, na huu ni tumbaku na magadi. Tulimwita Mzee Ekal na hakuficha. Yeye na wazee wenzake waliimaliza dawa yote siku ile ya lori, na kwa kuwa si adabu kumrudishia mtu kikopo kitupu, alikijaza kwa tumbaku yake mwenyewe, ya Lokitaung, nzuri kuliko ya dukani. Sasa Sista amemketisha anamuuliza maswali na kuandika haraka. Nilimuuliza, basi mimi nimekuwa nikikumbuka kwa sababu gani? Akasema, "Hayo ni yako, kaka. Mradi hauhusiki."

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, isipokuwa la chafya, ambalo nitalipeleka kwa Mzee Ekal. Nimemwomba Ochola ruhusa. Aliniuliza nani amefariki, nikamwambia hakuna mtu, akanitazama sana, akakubali. Sitampigia Nekesa, maana kwenye simu nimeshasema kila kitu. Naondoka Jumanne. Nitafika Funyula Alhamisi tarehe 20, mchana, majirani wote wakiniona, na nitasimama nje hadi aniulize.