Neno la Kutamka Mbele ya Wazazi

Tulikuwa tunasimamisha vitofali vya mboji ya kuwashia moto kinamasini, tukiviegemezanisha vikaushwe na upepo, Colm alipotupa habari: mwalimu Sorcha ataanza kuwafundisha watoto mambo ya mume na mke, na kesho mkutanoni lazima awatajie wazazi jina la somo kwa Kiairishi. Wakiguna, analetwa mtu wa mjini Galway alifundishe kwa Kiingereza.

Sote tukamtazama Muiris, baba yake Sorcha. Alikuwa amemwahidi binti yake neno ambalo kijiji hakitaligunia.

"Kamusi inasema gnéasacht," akasema Colm, tuliyemwita Gazeti. "Limetoka kwenye neno la namna, sura ya kitu."

"Namna? Kama namna za viazi?" akadakia Beartla. Huyo tulimwita Askofu, maana hajaoa na kila ndoa anaitolea hukumu.

"Lipo na collaíocht. Hilo limetoka kwenye mwili."

"Toba! Mwili mnauanika hivyo?"

"Katika sarufi yetu, yote mawili ni maneno ya kike," nikasema taratibu.

"Si unaona! Lawama kwa wanawake."

"Tulia, Askofu," akasema Gazeti. "Lugha hii hii, msichana ni neno la kiume na farasi dume ni la kike."

"Ndiyo maana sikuoa. Ningeanzia wapi?"

Tukaangua kicheko. Muiris hakucheka. "Chekeni tu. Atakayezomewa ni mwanangu."

Mara Askofu akakohoa. Sorcha huyo anakuja. Tukahamia kwenye hali ya hewa, kama kawaida yetu mwanamke akitokea.

"Mvua hiyo," akasema Gazeti, wingu halipo hata moja.

"Mungu aibariki kazi," akatusalimu Sorcha. "Baba, neno limepatikana?"

"Bado tunalichambua, mama."

"Kwani nyinyi mlikuwa mnaliitaje?"

Gazeti, baba wa watoto tisa, akajikuna shingo, akajibu:

"Hatukuliita, binti yangu. Tulizima taa."

"Basi kesho nitaiwasha peke yangu," akasema Sorcha, akageuka kuondoka.

Muiris akaangusha tofali. Akavua kofia, kama apitapo mbele ya kanisa, akapaza sauti kinamasi kizima kikasikia:

"Collaíocht! Na kesho nakaa kiti cha mbele. Atakayeguna, atanitambua!"

Akamfuata bintiye. Askofu akapiga ishara ya msalaba, kisha akaninong'oneza:

"Mkutano saa ngapi?"

"Wewe una mtoto shuleni?"

"Sina. Lakini nafasi zitajaa."

Nusu ya mboji tukaiacha imelala. Tutaisimamisha kesho, tukitoka mkutanoni.